Kipanya Kisicho na Waya, Kutoka Kilindoni Hadi Shungimbili

Kipokezi cha kipanya changu kilibaki Kilindoni, kisiwani Mafia, kimechomekwa nyuma ya sipiyu ya ofisini, na mimi nimeshafika Shungimbili na kipanya chenyewe mkononi. Nilikitoa mfukoni, nikasogeza swichi ya chini, taa nyekundu ikawaka. Betri mpya kabisa. Lakini kishale kwenye kioo cha laptopu hakikutikisika. Picha za papa potwe zilikuwa zinasubiri kutiwa alama, na nahodha aliyetushusha alikuwa ameshasema atarudi kesho kutwa. Kazi yote niliifanya kwa ncha ya kidole juu ya pedi ya kugusa, doa kwa doa, na usiku wa pili kifundo cha mkono kilikuwa kinauma hata nikishika kikombe cha chai.

Kwa asiyekijua, Shungimbili ni kisiwa kidogo cha mchanga kwenye mkondo wa bahari unaotenganisha Mafia na bara. Tangu 2007 ni eneo tengefu la bahari, pamoja na ndugu zake Nyororo na Mbarakuni, na watalii wanaolala huko wanakijua zaidi kwa jina la Thanda. Duka hakuna. Ukisahau kitu, umekisahau mpaka chombo kirudi. Ndiyo maana naandika ushauri huu nikiwaza mahali kama pale: mwalimu wa kisiwa cha Jibondo anayebeba laptopu ya shule, karani wa kijiji anayevuka kwa mashua, kijana wa utafiti anayelala kwenye hema. Wa mjini nao watafaidika, kwani kipanya kinachoweza kuishi Shungimbili kitaishi popote.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisumbuke na kipanya wakati laptopu ina pedi yake. Jibu langu ni hao papa. Papa potwe huonekana karibu na Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi, na kila mmoja ana madoadoa yake, kama sisi na alama za vidole. Anayewatambua huwapiga picha ubavuni, nyuma ya mashavu, kisha kwenye kompyuta anabofya katikati ya kila doa ili programu ilinganishe mpangilio wake na ule wa papa waliokwisha kusajiliwa. Moja ya njia za kulinganisha, iliyotangazwa 2005, iliazimwa kutoka kwa wanafalaki, waliokuwa wameitunga ili kulinganisha mipangilio ya nyota kwenye picha za anga. Sasa fikiria: picha moja ina madoa ishirini au thelathini, picha ni mamia, na doa likibofywa pembeni badala ya katikati, papa wa zamani anaweza kuhesabiwa kuwa mgeni. Kazi ya namna hiyo inataka mkono uliotulia. Hali ni hiyo hiyo kwa anayechora ramani, anayejaza majedwali marefu ya mapato ya halmashauri au anayepanga kurasa za mitihani.

Kipanya kisicho na waya ni redio mbili ndogo. Moja imo ndani ya kipanya na inasema. Ya pili ni kile kidude kinachochomekwa kwenye tundu la USB, nacho kinasikiliza. Vingi huzungumza kwenye masafa ya gigahezi 2.4, masafa hayo hayo yanayotumiwa na Wi-Fi na Bluetooth. Ukilielewa hili, karibu matatizo yote utayatatua mwenyewe kabla hujamwita fundi, kwa sababu utakuwa unajiuliza swali moja tu: redio hizi mbili zinasikiana, au kuna kitu kati yao?

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba vipanya vingi vya bei ya chini huunganishwa kiwandani, kila kimoja na kipokezi chake, kama ufunguo na kufuli lake. Ukipoteza kipokezi, kipanya kimekufa kingali kizima, na kipokezi cha jirani hakitakusaidia hata kama vinafanana kwa sura na rangi. Kwa hiyo ukiwa Kariakoo, mtaa wa Aggrey au kokote wanakouza vifaa vya simu na kompyuta, usiishie kukitazama kwa nje. Fungua mfuniko wa betri. Tafuta kijumba cha kuhifadhia kipokezi, humo ndani au tumboni mwa kipanya. Kipanya kisicho na kijumba hicho mimi sikinunui, hata kikiuzwa nusu bei, kwa sababu najua siku moja nitavuka maji nacho.

Vipo vingine vyenye kipokezi kinachokubali kuunganishwa upya. Logitech walianza kutoa vya namna hiyo 2009, vyenye alama ndogo ya chungwa inayofanana na jua, na kipokezi kimoja hupokea vifaa hadi sita: kipanya, kibodi na vinginevyo vya aina hiyo. Ukipoteza kipokezi unaweza kununua kingine na kukiunganisha kwa programu yao. Bei iko juu, lakini kwa ofisi yenye watu watano na kompyuta tatu naiona ni pesa iliyokwenda mahali pake. Tahadhari moja: matoleo mapya ya kampuni hiyo hiyo, yaliyoanza 2021, yanatumia kipokezi cha aina nyingine, na hivyo viwili havielewani. Angalia alama iliyo kwenye kipanya na iliyo kwenye kipokezi kabla ya kulipa.

Kuhusu vya Bluetooth, visivyohitaji kipokezi kabisa: kwa laptopu vinafaa sana, hasa hizi nyembamba za siku hizi ambazo matundu ya USB ya kawaida yamebaki moja au hayapo. Kwa kompyuta ya mezani siwezi kukushauri hivyo. Nyingi za mezani, hasa zile zilizokwisha kutumika zinazoletwa kutoka nje, hazina Bluetooth ndani. Na hata yenye nayo, mara nyingi kipanya hicho hakitafanya kazi mpaka mfumo uwe umeshawaka. Fundi anapotaka kuingia kwenye mipangilio ya awali ili kuokoa mashine iliyogoma, atabaki anakitazama tu. Kama unatumia mashine zote mbili, ya mezani ofisini na laptopu safarini, tafuta kipanya chenye njia zote mbili, kitufe kikiwa chini: kipokezi kwa ya mezani, Bluetooth kwa laptopu. Ningekuwa nacho siku ile, kipokezi kingebaki Kilindoni bila madhara.

Kompyuta ya mezani ina ugonjwa wake. Watu huiweka sipiyu chini ya meza, wakachomeka kipokezi nyuma, kwenye tundu linaloelekea ukutani. Hapo kati ya redio mbili kuna bati la sipiyu, ubao wa meza, na miguu yako mwenyewe, na mwili wa binadamu, kwa maji mengi yaliyomo, humeza sehemu ya mawimbi hayo. Kishale kinaruka, kinakwama, kinaruka tena, na lawama inaangukia betri. Hamishia kipokezi tundu la mbele. Kama la mbele limekufa, nunua waya mfupi wa kurefusha USB, upitishe juu ya meza, uchomeke kipokezi mwishoni mwake, shubiri moja au mbili kutoka kwenye kipanya. Ni dawa rahisi kuliko zote, na nimeona watu wakinunua kipanya cha pili na cha tatu kwa kukosa waya huo.

Ugonjwa wa laptopu ni mwingine, na huu ulinichukua muda mrefu kuuelewa. Kila nilipohamisha picha kutoka kwenye disk ya nje, kishale kilikuwa kinakokota kama mtu anayetembea kwenye tope la mikoko. Kuhamisha kukiisha, kishale kinapona. Nilidhani kompyuta imezidiwa. Kumbe sababu ilikuwa tundu. Vifaa vya USB 3, ambavyo matundu yake mara nyingi yana plastiki ya buluu ndani, vinapopitisha data kwa kasi hutoa kelele ya redio inayoangukia humo humo kwenye gigahezi 2.4. Intel walilieleza jambo hili kwenye waraka wao wa 2012. Disk yangu ilikuwa imechomekwa tundu la jirani na kipokezi, kwa hiyo redio ndogo ilikuwa inajaribu kusikiliza mnong'ono huku pembeni yake kuna kinu cha kusaga. Niliihamishia disk upande wa pili wa laptopu, kipokezi kikabaki upande wa kulia karibu na mkono. Kishale kikatulia saa ile ile. Laptopu yenye matundu upande mmoja tu inahitaji ule ule waya wa kurefusha. Na kama una tundu jeusi la USB ya zamani, hilo mpe kipokezi, la buluu mpe disk.

Sasa tuje kwenye kinachokaa chini ya kipanya. Tumboni kuna taa na jicho dogo la kamera linalopiga picha za uso wa meza maelfu ya mara kwa sekunde, kisha kompyuta ndogo iliyomo inalinganisha picha na picha ili kujua kipanya kimesogea wapi. Jicho hilo linahitaji kuona kitu: chembechembe, nyuzi, vinyweleo vya karatasi. Kwenye kioo halioni kitu, kwenye vigae vyeupe vinavyong'aa linababaika, na juu ya mkeka linachanganyikiwa kwa namna yake, kwa sababu ukili una mabonde na matuta, jicho linapanda na kushuka, kishale kinaruka mistari. Mchanga laini ukitandazwa chini ya plastiki nyembamba pia haufai, nimejaribu. Kilichonisaidia Shungimbili safari nyingine ni jalada gumu la daftari kubwa, lile lisilong'aa. Kipande cha boksi la katoni nacho kinafaa, upande wenye maandishi ukiwa chini. Jua kali likipiga moja kwa moja pembeni ya kipanya linaweza kuingia hadi kwenye jicho na kulipofusha, kwa hiyo kaa kivulini. Kioo cha laptopu nacho kitakushukuru.

Kwenye chombo kinachotembea, acha. Mawimbi yanakisogeza kipanya, wewe unakirudisha, mwisho unafuta kitu ambacho hukukusudia kukifuta. Tumia pedi ya kugusa, au funga mashine utazame bahari.

Ukifunga mashine, zima kipanya kwa swichi yake ya chini. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi hawalijui. Laptopu inapolala, mara nyingi kipanya huwa na ruhusa ya kuiamsha. Ukiiweka kwenye begi huku kipokezi kikiwa kimechomekwa na kipanya kiko begi hilo hilo bila kuzimwa, kila wimbi linalotikisa mashua linaweza kubonyeza kitufe au kusogeza kipanya, na laptopu ikaamka gizani ndani ya begi. Hapo utashuka ufukweni ukiwa na mashine ya moto na betri iliyobaki kidogo, mahali ambapo umeme ni wa jua na una foleni. Bora uizime kabisa laptopu kabla ya safari.

Betri za kipanya chenyewe ni zile ambazo dukani wanaziita za saa ya ukutani, AA, au ndogo zaidi za rimoti, AAA. Nachagua kipanya cha AA moja. Vile vya kuchajiwa kwa waya ni vizuri mjini, lakini kisiwani betri ya ndani ikichoka hakuna wa kuibadilisha, ilhali AA utaipata kwenye duka lolote la Kilindoni. Chukua za alkalaini. Zile za bei rahisi sana hudumu muda mfupi na huvuja mapema. Ukiwa nazo, betri za AA za kuchajiwa pia zinakubali ingawa zina volti 1.2 badala ya 1.5, kitakachotokea ni kwamba taa ya onyo inaweza kuwaka mapema kidogo. Kipanya kikichukua betri mbili, zibadilishe zote pamoja.

Kipanya kitakachokaa wiki kadhaa bila kazi kitolewe betri. Nimefungua kipanya kilichoachwa kabatini msimu mzima wa kusi nikakuta betri imetoa unga mweupe na chemchemi ya chuma imeliwa. Kama ni alkalaini iliyovuja, chovya kijiti cha pamba kwenye siki au maji ya ndimu, sugua zile sehemu za chuma taratibu, unga utatoa povu kidogo na kuachia. Kisha futa kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Vaa glavu au unawe mikono vizuri baadaye, na usikaribishe unga huo machoni.

Chumvi ndiyo adui wa kweli wa vitu vyote vya chuma kwetu. Si lazima kifaa kimwagikiwe maji ya bahari. Chumvi inakuja na upepo, inatua, na kwa sababu chumvi hunyonya unyevu wa hewa, kifaa kinabaki na jasho usiku kucha hata kama kiko ndani. Ncha ya kipokezi inapoteza mng'aro, gurudumu linaanza kukwaruza, kitufe kinabofya mara mbili ulipobofya mara moja. Kila jioni futa kipanya na kipokezi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa mpaka kisidondoke, kisha pitisha kitambaa kikavu. Ndani ya gurudumu tumia brashi ndogo, hata mswaki wa zamani, ukikishika kipanya tumbo juu ili mchanga uanguke badala ya kuzama. Wakati wa kulala kiweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vifuko vidogo vya chembe za kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Watu huvitupa, mimi naviomba kwa wauza viatu.

Mipangilio nayo ina neno lake. Ukinunua kipanya chenye kitufe kidogo nyuma ya gurudumu, kitufe hicho hubadilisha wepesi wa kishale. Mara nyingi mtu hukigusa bila kujua, kishale kinaanza kukimbia, na yeye anaamini kipanya kimeharibika. Kibonyeze tena, mara mbili au tatu, mpaka kasi irudi. Kwa kazi ya kubofya madoa madogo nashusha kasi mpaka chini kidogo ya katikati, na kwenye mipangilio ya Windows naondoa alama kwenye ile sehemu inayokifanya kishale kiongeze mwendo kadiri mkono unavyokwenda haraka. Nataka mkono ukisogea kiasi kile kile, kishale nacho kisogee kiasi kile kile. Kwenye mipangilio hiyo hiyo unaweza kuamuru pedi ya kugusa ijizime kila kipanya kinapounganishwa, ili kiganja kisihamishe maandishi unapochapa. Anayetumia mkono wa kushoto abadilishe vitufe humo, na achague kipanya chenye umbo sawa pande zote. Vile vilivyopinda vingi vimetengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia.

Kwa ofisi zinazoshika fedha nina neno la tahadhari. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba vipokezi vya kampuni kadhaa vinaweza kudanganywa na mtu aliye mbali, hata mita 100, akapenyeza maandishi kwenye kompyuta kana kwamba amekaa kwenye kibodi. Waliiita MouseJack. Baadhi ya watengenezaji walitoa marekebisho ya programu za vipokezi vyao, lakini vipanya vingi vya bei ya chini havirekebishiki. Kisiwani hatari hiyo ni ndogo. Kwenye kompyuta ya malipo iliyo karibu na dirisha la barabarani ningerudi kwenye kipanya cha waya. Na popote ulipo, ukiinuka, funga kioo: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L.

Kipanya cha waya sijakitupa na sikushauri ukitupe. Kile cha kwanza kabisa, alichokibuni Douglas Engelbart kule California katika miaka ya 1960, kilikuwa cha mbao na kilikuwa na waya. Mkia huo wa waya ndio unaosemekana kukipatia jina. Cha kwangu cha akiba hakina betri, hakina kipokezi cha kusahaulika, kinakunjwa na kukaa pembeni ya begi. Kikikosekana hicho nacho, Windows ina njia ya dharura: bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, ukubali kinachoulizwa, kisha tarakimu za upande wa kulia wa kibodi zitasogeza kishale na 5 itabofya. Ni polepole sana, na laptopu ndogo zisizo na tarakimu za pembeni haziwezi. Kwenye kompyuta ya mezani iliyopoteza kipanya, inatosha kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa usalama.

Kinachobaki ni kile ambacho siku moja kitatokea: kipanya kitaanguka majini wakati wa kushuka, kwa maana Shungimbili unashuka ukiwa na maji magotini. Usikiwashe kuona kama ni kizima. Toa betri hapo hapo. Kioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mengi, hata ukikizamisha ni sawa kwa kuwa betri imeshatoka, kisha kitikise na ukiache kivulini penye upepo, mfuniko wazi, siku mbili kamili. Kipokezi nacho kioshe vivyo hivyo na ukikaushe sana. Hakina betri ndani, na mara nyingi ndicho kinachopona. Usikichomeke kwenye laptopu kikiwa na unyevu hata chembe, maana hapo utakuwa unahatarisha tundu la mashine nzima. Kipanya kikigoma baada ya siku mbili na kipokezi ni cha ile aina inayounganishwa upya, kirudishe kwenye kopo lake, uvuke nacho hadi Nyamisati upande wa bara na kuendelea Dar es Salaam, ununue kipanya kitakachokubaliana nacho.